Krismasi, ubongo, na ile asubuhi ya kihambani

Mwaka tuliomzika mzee nilifika nyumbani Kibosho, Kilimanjaro, usiku mnene wa kuamkia Krismasi, basi lilikuwa limetulaza njiani masaa kibao, nyumba nzima imeshalala na mimi usingizi umekata, nikachukua shuka na rozari ya mama nikaenda kukaa pale kaburini kwake, maana kwetu mtu anazikwa hapo hapo kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo linalozunguka nyumba, katikati ya migomba. Nikaanza kusali tu bila mpango. Nadhani nilikuwa tendo la tatu hivi nikashtuka sijui mimi naishia wapi na mgomba unaanzia wapi. Kweli kabisa. Baridi ilikuwepo ila haikuwa yangu, mzee hakuwepo ila hakuwa ameondoka, nikalia na hakikuwa kilio cha msiba. Shangazi ndo alinikuta kulipokucha anaenda kukata majani ya ng'ombe, hakuuliza kitu, akanifunika kitenge chake akaendelea na kazi.

Sikumsimulia mtu miaka mingi. Ningesemaje?

Alafu siku moja nikasoma kuhusu daktari wa Marekani anaitwa Andrew Newberg, wakati huo yuko Chuo Kikuu cha Pennsylvania, aliyewapima masista wa Kifransisko wakiwa wanasali. Sista anawekewa mpira wa dripu mkononi, anaachwa asali kwa utulivu, akishazama ndo inaingizwa dawa yenye mionzi kidogo inayokwenda kukaa kwenye ubongo pale damu inapopita zaidi, kisha anapelekwa kwenye mashine. Walikuta sehemu ya mbele, ile ya kukaza mawazo, imechangamka, na sehemu ya juu kwa nyuma, ile inayomwambia mtu mwili wake umeishia hapa na vitu vingine vinaanzia pale, imepoa. Niliweka simu chini. Hiyo ndo migomba yangu!

Mwaka 2006 huyo huyo na wenzake wakatoa vipimo vya wanawake watano wanaonena kwa lugha, wakafananisha na wanapoimba nyimbo za dini, na hapo sehemu ya mbele ndo ilipungua nguvu, yaani ile inayotufanya tujisikie tunajiendesha wenyewe. Sasa mimi nina dada aliyeokoka, siku zote anatuambia "sio mimi ninayesema", na sisi Wakatoliki wa pale nyumbani tulikuwa tunamcheka mpaka anaondoka mezani. Nilimpigia nikamwomba radhi. Kipimo hakisemi nani anaongea ndani yake, lakini kinanifanya niamini hakuwa anatuigizia.

Kuna watu wakisikia habari hizi wanafurahi, wanasema si mnaona, Mungu ni damu kukimbia kichwani basi. Mimi sioni hivyo, na wala sioni kama mashine imemthibitisha Mungu, kazi hiyo haiiwezi. Kule Montreal, Kanada, mwaka 2006 huo huo, mtafiti wa ubongo Mario Beauregard aliwaingiza masista Wakarmeli 15 kwenye MRI, mashine inayopiga picha ubongo ukiwa kazini, na hakukuta kidoti kimoja cha Mungu kichwani, alikuta sehemu nyingi zinashirikiana. Ila kilichonigusa mimi ni kitu kingine. Masista walimwambia Mungu haitwi akaja kwa saa unayotaka wewe, kwa hiyo ikabidi waombwe wakumbuke tu ile siku walipowahi kuwa karibu naye kuliko siku zote. Watu wameacha dunia, wanasali mchana na usiku, na bado wanasema hatuwezi kumpangia.

Sasa angalia sisi Desemba. Kuanzia Novemba simu haipumziki, ofa ya sikukuu, mkopo wa sikukuu, shangwe la sikukuu, Kariakoo hakupitiki, na ujumbe ni mmoja, furaha itafika tarehe 25 ukishalipia. Na kilichonikosesha raha ni utafiti wa Chuo Kikuu cha Utah wa mwaka 2016, Wamormoni 19, waumini wa kanisa moja lililoanzia Marekani, walipojisikia Roho amewashukia mashine ilionyesha ile sehemu ya ubongo inayohusika na raha na zawadi inafanya kazi, sehemu hiyo hiyo inayoamka mtu akipenda, akisikiliza muziki mtamu, akicheza kamari, akitumia madawa ya kulevya. Mlango ni mmoja. Roho anaupitia na mfanyabiashara naye anaupitia, na mfanyabiashara haji mara moja moja, yeye kaweka kiti barazani kabisa. Hilo linanitisha kuliko mwanasayansi yeyote anayesema sala ni ubongo. Nimeona hata ibada ya mkesha wa mwaka mpya yenye viti vya mbele vya kulipia, na mama wa watu mwenye shida zake yuko nje anachungulia dirishani, nilitoka pale natetemeka.

Fransisko wa Assisi, ambaye masista wale wa Newberg ni watoto wake, mwaka 1223 pale Greccio, Italia, alitengeneza pango la Krismasi kwa majani makavu, ng'ombe na punda. Basi. Vitu ambavyo kwa shangazi viko nyuma ya nyumba.

Mnaosema Wachaga kila Desemba tunarudi Kilimanjaro kuhesabiwa mnasema kwa utani na sisi tunacheka, lakini kuna ambao hawahesabiki tena na hawajafa. Ndugu yangu mmoja, mtoto wa baba mdogo, hajaja nyumbani Krismasi saba. Yuko Dar, mzima, ana kazi ya kuunga unga. Haji kwa sababu ya nauli, ambayo Desemba anatakiwa kuikusanya wiki kadhaa, na haji kwa sababu ya mikono, anasema siwezi kuingia getini mikono mitupu wakati wenzangu wanashusha ndafu na makreti. Yaani sikukuu ya mtoto aliyezaliwa zizini mtu anaiogopa kwa sababu hana kitu cha kushika, hii imetokeaje jamani, na sisi tuliomfanya aogope ndo tunapanga mstari wa mbele kukomunika.

Wiki iliyopita nilimpigia tukaongea karibu saa nzima. Nikamsimulia ile asubuhi kaburini, yeye ni wa tatu kuisikia. Akanyamaza kidogo, akaniuliza kama ile migomba ya upande wa kaburi bado ipo au ilikatwa. Nikamwambia ipo. Nikamwambia njoo na nguo ulizovaa, nauli tutachangiana mimi na dada. Amesema ataangalia kazini. Shangazi nimeshamwambia akifagie kile chumba cha nyuma.