Mafuta ya Bunyoro na kodi ya mwananchi

Yakitajwa mafuta ya Ziwa Albert, huko Bunyoro magharibi mwa Uganda, Waganda tulio huku Norwei huulizwa swali lilelile na ndugu zetu wa nyumbani: Wanorwei walifanyaje hata mafuta yasiwaharibie nchi? Wengi hujibu, ni ule Mfuko wao wa Mafuta, serikali inamowekea akiba ya pesa ya mafuta. Mimi siafiki. Mfuko ulikuja mwisho. Katiba yao ni ya 1814, wanawake wote walipata haki ya kupiga kura 1913, na mafuta ya Ekofisk, katika Bahari ya Kaskazini, yaligunduliwa 1969. Sheria ya Mfuko ikapitishwa 1990 na pesa ya kwanza ikaingia 1996. Mafuta yalilikuta bunge limeshazoea kuikatalia serikali, na raia wameshazoea kulipa kodi na kudai hesabu.

Hilo la kodi ndilo kiini. Mwezi wa Machi mfanyakazi huku hupokea taarifa yake ya kodi ikiwa imeshajazwa: mshahara, riba ya mkopo wa nyumba, akiba iliyo benki. Anaikagua mstari kwa mstari, anarekebisha palipokosewa, na mwisho ni tarehe 30 Aprili. Aliyetoka kukodolea macho makato hayo hasahau bei ya barabara wala ya shule. Kampuni za mafuta hutozwa asilimia 78 ya faida, na bado mwananchi hakusamehewa kodi. Wangeweza kumsamehe. Hawakufanya hivyo, na nadhani hapo ndipo walipojiokoa, kwa sababu serikali inayoishi kwa jasho la watu haina budi kuwasikiliza.

Kwetu mambo yalikwenda kinyume hata kabla ya mafuta. Mwaka 2005, uchaguzi wa 2006 ukikaribia, kodi ya kichwa ilisimamishwa. Watu walifurahi, na walikuwa na haki, maana ilikusanywa kwa kukamatana na kudhalilishana. Lakini wilaya zilipoteza chanzo kikubwa cha mapato yao, zikabaki kungojea pesa ya Kampala. Anayelishwa na Kampala huitazama Kampala. Kisha tazameni 2017 na 2018. Mwaka wa kwanza ilifichuka kwamba maofisa 42 wa serikali walikuwa wamegawiwa shilingi bilioni 6 kama shukrani ya kushinda kesi ya kodi ya mafuta huko London. Bunge lilichunguza, magazeti yakaandika. Mwaka uliofuata ikaja kodi ya mitandao ya kijamii, shilingi 200 kwa siku, na hiyo ndiyo iliyowatoa watu majumbani kwenda kuandamana barabarani. Siwalaumu. Shilingi 200 zilitoka mfukoni mwao wenyewe. Zile bilioni 6 hakuna mwananchi wa kawaida aliyewahi kuzishika.

Sheria tunayo, tena si mbaya. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2015 inataka mapato ya mafuta yaingie Mfuko wa Petroli ulio Benki Kuu. Hayatoki mpaka Bunge liidhinishe na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu atoe kibali, na yanapoingia kwenye bajeti ni ya miundombinu na maendeleo, si ya mishahara na posho. Penye udhaifu ni hapa: pesa ikishahamia Mfuko Mkuu wa Hazina huchanganyika na nyingine, na shilingi haina rangi. Bajeti isipotaja mradi kwa jina na kiasi chake, hakuna mkaguzi atakayekuonyesha ni daraja gani limejengwa kwa mafuta na ni gari gani la mkubwa limenunuliwa.

Na sheria hufutwa. Chad ilipitisha sheria nzuri 1999 ili Benki ya Dunia isaidie kujenga bomba la kwenda Kribi, Kamerun, kilomita 1,070. Asilimia 10 ya mapato ya moja kwa moja ilitengwa kwa vizazi vijavyo. Mafuta yakaanza kutiririka 2003. Ilipofika 2006 ule mfuko wa vizazi ulikuwa umefutwa, na usalama umeongezwa kwenye matumizi ya kipaumbele. Ukomo wa mihula ya rais nao ulikuwa umeondolewa 2005, mwaka uleule tuliouondoa wa kwetu. Nasi tuna bomba letu, la kwenda Tanga, Tanzania, kilomita 1,443, na sheria yetu nayo inaweza kufutwa vivyo hivyo.

Kwa hiyo ndugu wa diaspora, tuache kuimba Mfuko wa Norwei na tushike vitu vya karibu. Mikataba ya kugawana uzalishaji, kati ya serikali na kampuni za mafuta, ichapishwe mizima. Halafu kuna mrabaha, yaani malipo ambayo kampuni huilipa serikali kwa mafuta inayoyatoa ardhini: asilimia 6 ya malipo hayo ni ya serikali za mitaa za maeneo ya mafuta, na nusu ya hiyo hugawanywa kwa kufuata kiasi kinachozalishwa katika kila eneo. Maana yake, diwani wa Buliisa au Kikuube asiyejua mita imesoma mapipa mangapi hawezi kujua kama wilaya yake imepunjwa. Atapokea atakachopewa na kushukuru. Namba hiyo, mapipa ya mwezi, bei yaliyouzwa na mrabaha uliotoka, ibandikwe kila mwezi kwenye ubao wa makao makuu ya wilaya, kwa Kinyoro, Kialuri na Kiswahili, pale ambapo mvuvi wa Wanseko anaweza kuisoma akitoka kulipia leseni ya mtumbwi wake.