Unyevu wa udongo: tanuri ya saa 24 au jibu la dakika tano?

Tabaka la barabara limeshindiliwa, boza la maji limesimama, na majibu ya tanuri yatatoka kesho. Kukausha udongo kwa nyuzi 105 hadi 110 za Selsiasi kwa saa 16 mpaka 24 hakumsaidii msimamizi anayetakiwa kuamua sasa hivi kama aongeze maji. Kwa uamuzi huo, wanaotetea vipimo vya haraka wana haki kabisa.

Chupa ya kabaidi ndiyo rahisi kubeba. Udongo uliopimwa, kwa kawaida gramu 20 au 6, huwekwa kwenye kifuniko. Kalsiamu kabaidi na gololi za chuma hukaa ndani ya chupa iliyolazwa. Ikishafungwa, husimamishwa na kutikiswa kwa kuzungusha, na presha ya gesi ya asetilini, inayotoka kabaidi inapokutana na maji ya udongo, husomeka kwenye geji kama asilimia ya maji. Udongo wa mfinyanzi usiovunjika mabonge huficha maji yake, kwa hiyo kipimo hushuka.

Kosa kubwa zaidi liko kwenye hesabu. Geji husoma maji kwa uzito wa udongo mbichi, ilhali maabara hutumia uzito wa udongo mkavu. Udongo wenye maji asilimia 12 geji itausoma 10.7. Ukiwa mbichi na uzito wa tani 2.10 kwa mita ya ujazo, uzito wake mkavu ni 1.875, lakini asiyegeuza kipimo cha geji kiwe cha udongo mkavu atapata 1.897. Kama kilele cha maabara, yaani uzito mkavu wa juu kabisa ambao udongo huo hufikia ukishindiliwa maabarani, ni 1.98, ushindiliaji wa asilimia 94.7 umegeuka 95.8. Pale masharti yanapodai 95, tabaka lililofeli limepita!

Maikrowevu nayo hukausha upesi: dakika tatu, upime, kisha dakika mojamoja mpaka uzito usibadilike zaidi ya asilimia 0.1. Haina kidhibiti cha joto la udongo wenyewe, hivyo mboji huungua na jasi hupoteza maji yaliyo ndani ya fuwele zake, na yote huhesabiwa kama unyevu.

Lakini tanuri nayo si hakimu asiyekosea. Udongo mwekundu wa bwawa la Sasumua, Kenya, ambao mhandisi wa udongo Karl Terzaghi aliuchambua mwaka 1958, una haloisaiti, madini yanayoanza kuachia maji yake chini sana ya nyuzi 105. Jasi pia hukaushwa kwa joto la chini, takriban nyuzi 60.

Kwa hiyo kabaidi iongoze boza, lakini isipitishe tabaka mpaka kila shimo la kifusi liwe na ulinganisho wake: sampuli moja igawanywe, nusu chupani, nusu tanurini, irudiwe kwenye udongo mkavu na ule uliolowa. Kifusi kikibadilika rangi, ulinganisho uanze upya.