Alama za makisio na asilimia 72 isiyokuwepo

Mwanafunzi ana wastani wa 90 kwenye kazi za nyumbani na 60 kwenye majaribio. Kazi za nyumbani zina uzito wa asilimia 20, majaribio 30, na mtihani wa mwisho, ambao bado haujafanyika, una 50. Akifungua ukurasa wake wa alama kwenye Canvas, mfumo wa kusimamia masomo mtandaoni, anakuta jumla ya 72. Imetoka wapi? Mfumo umechukua pointi 18 za kazi za nyumbani na 18 za majaribio, ukazigawa kwa 50, kwa sababu kundi lisilo na alama hata moja huachwa nje na uzito wake hugawiwa makundi yaliyobaki. Hesabu haina kosa. Ila akipata 50 kwenye mtihani ataishia na 61, na 72 aliyoizoea muhula mzima hataiona tena.

Ndiyo maana mjadala wa kuwaruhusu wanafunzi wajaribu alama za makisio, yaani waandike alama ya kubuni waone jumla itakuwaje, huanza vibaya, kana kwamba kitabu cha alama kisicho na kitufe cha kufanya hivyo huonyesha ukweli mtupu. Jumla yoyote ya katikati ya muhula ni makisio tayari. 72 imekisia kwamba mtihani utafanana na kazi zilizokwisha kufanywa. Ondoa tiki kwenye kisanduku cha kukokotoa kazi zilizosahihishwa tu, mfumo unakisia sifuri kwa kila kilichobaki na jumla inaporomoka hadi 36. Suala ni nani anakisia, na kama anajua kwamba anakisia.

Canvas, mfumo wa kampuni ya Instructure unaotumika sana Marekani, humruhusu mwanafunzi kubofya alama kwenye ukurasa wake, kuandika nyingine na kubonyeza Enter. Jumla hubadilika papo hapo. Alama halisi haiguswi, mwalimu haoni kilichoandikwa, na kishale cha pembeni hurudisha alama ya awali. Moodle, mfumo mwingine wa aina hiyo unaotumika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na vyuo vingine vingi vya ukanda huu, haina kitufe hicho katika umbo lake la kawaida.

Hoja nzito ya wanaopinga inahusu mwenendo zaidi ya hesabu. Chukua mgawanyo uliozoeleka vyuoni Tanzania, 40 za kozi-weki (kazi na majaribio ya muhula) na 60 za mtihani. Mwenye 30 kati ya 40 anagundua kwamba 10 tu kati ya 60 zinamfikisha 40 ya C, na hamu ya kusoma inashuka. Mwenye 18 anaona kwamba A ya 70 inadai 52 kati ya 60, karibu asilimia 87 ya mtihani, na anakata tamaa kabla hajafungua daftari. Halafu inakuja foleni mlangoni: "Mwalimu, nimepiga hesabu, zimebaki mbili tu."

Sioni sababu ya kuidharau hoja hiyo. Wanafunzi wanaosoma kwa kiwango cha kufaulu tu wapo, na kikokotoo kinawachorea mstari waziwazi. Lakini mstari huo wanauchora hata sasa, kwenye simu, na mara nyingi wanauchora vibaya: wanajumlisha majaribio mawili na mtihani, wanagawa kwa tatu, kana kwamba vyote vina uzito mmoja. Na aliyepata 6 kati ya 15 kwenye jaribio la kwanza akijua wiki ya sita kwamba lengo lake limepanda bei, ana muda wa kufanya kitu. Akijua wiki ya 14, hana.

Udhaifu ninaouogopa zaidi uko kwingine, kwenye masharti yasiyoingia katika safu za alama. Kama kanuni za kozi zinataka mtu afaulu mtihani wenyewe, zile 10 kati ya 60 zinampeleka kwenye sapu, yaani mtihani wa marudio, na jumla ya 40 inayong'aa kwenye skrini haitamwambia hivyo. Vivyo hivyo kwa darasa la watu 400 ambalo alama zake huingizwa zote kwa mpigo wiki ya mwisho: hakuna cha kukisia juu yake. Mahali pa namna hiyo, wanaopinga wana haki.

Kanuni ya kudondosha alama ya chini, yaani kutoihesabu katika jumla, nayo huwachanganya watu, walimu wakiwemo. Tuseme mtu ana 60 kati ya 100, 25 kati ya 100 na 2 kati ya 20. Ya chini kwa asilimia ni ile 2, ambayo ni asilimia 10. Lakini ukiidondosha hiyo anabaki na 85 kati ya 200, yaani 42.5. Ukidondosha 25 anabaki na 62 kati ya 120, karibu 51.7. Canvas huchagua linalompa mwanafunzi jumla kubwa zaidi, hivyo akiandika alama moja ya makisio, kazi iliyokuwa imedondoshwa inaweza kurudi na nyingine ikatoka. Anayedhani mfumo umeharibika amesahau tu kanuni hii.

Kwa walimu hali ni tofauti. Mwalimu anataka kujua itakuwaje akipunguza uzito wa jaribio lililokuwa gumu kupita kiasi, au akiongeza alama 5 kwa wote. Hitaji ni halali kabisa, ila pa kulifanyia si ndani ya kitabu cha alama kinachotumika. Kwenye Moodle, ukiandika namba moja kwa moja katika jedwali la alama, mfumo huchukulia kwamba umebatilisha alama ya shughuli yenyewe. Tangu hapo kwizi ikisahihishwa upya, alama mpya haiingii katika jumla mpaka ubatilisho uondolewe. Mwalimu "aliyejaribu tu" kisha akairudisha namba ya zamani kwa mkono ameacha seli iliyoganda, na atakayegundua ni mwanafunzi, baada ya matokeo kutangazwa. Pakua alama kwa Excel, ucheze nazo huko.

Wapo pia wanaotaka mwalimu aone malengo ambayo wanafunzi wamejiandikia, ili aweze kuwashauri. Nia ni njema, lakini mtu huyohuyo ndiye atakayesahihisha karatasi zao. Akijua kwamba huyu amejipangia 70 na karatasi yake imesimama kwenye 69, mkono utatetereka. Canvas imefanya vyema kuyaficha.

Kabla ya kuruhusu makisio popote, kagua kwanza mpangilio wa alama zilizofichwa. Moodle ina chaguo la kuonyesha jumla inayojumuisha vipengele vilivyofichwa. Likiwashwa, hakuna siri: mwenye jumla na alama nyingine zote anatoa na kupata ile uliyoificha, bila kikokotoo cha mtu yeyote.

Pasipo na kitufe, lahajedwali moja inatosha. Lengo liwe B2, kozi-weki kati ya 40 iwe C2, kisha =(B2-C2)/0.6 inatoa asilimia inayohitajika kwenye mtihani. Mwenye 27 anayetaka B+ ya 60 anapata 55. Jibu likizidi 100, lengo hilo halifikiki tena. Likitoka chini ya sifuri, mara nyingi mtu ameandika kozi-weki yake kati ya 100 badala ya 40.