Kijitabu cha BASIC na foleni ya terminali

Wanaovidharau vijitabu vya kuanzia programu hutoa hoja mbili nzito. Kwanza, karatasi hupitwa na wakati. Mwongozo wa BASIC, lugha ya programu kwa wanaoanza, uliotoka Chuo cha Dartmouth, Marekani, mwaka 1964 haukuwa na amri ya INPUT, ya kumwomba mtumiaji takwimu programu ikiendelea, kwa sababu lugha yenyewe haikuwa nayo. Amri ilipoongezwa baadaye, mwenye nakala ya zamani aliendelea kupachika takwimu zake ndani ya programu kwa amri za READ na DATA. Pili, mwanafunzi hunakili mfano bila kuuelewa. Mwaka 1975 Edsger Dijkstra, mwanasayansi wa kompyuta, alikwenda mbali zaidi: aliona kwamba aliyeanza na BASIC ni vigumu mno kumfundisha kuandika programu nzuri.

Hoja hizo hupima kijitabu kana kwamba kila msomaji alikuwa na mashine yake. Dartmouth, mwaka 1964, mamia ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza waligawana terminali 20 hivi, yaani vifaa vya kuzungumza na kompyuta, zote zikitumia mfumo mmoja. Kila terminali ilikuwa teletaipu, mashine ya kuchapa kwenye karatasi, yenye mwendo wa herufi 10 kwa sekunde. Piga hesabu. Ukurasa wa mistari 40, kila mstari herufi 60, ni herufi 2,400, yaani dakika 4 za kuchapa. Maelezo ya kurasa 10 yangekula dakika 40, na muda wote huo aliye kwenye foleni amesimama. Mashine ingeweza kujieleza yenyewe, lakini kila neno la maelezo lilitolewa kwenye zamu ya mtu mwingine. Maelezo yaliyosomwa bwenini hayakumgharimu yeyote, na msomaji alifika kwenye terminali na programu yake imeshaandikwa kwa kalamu.

Tena, mambo mengi ambayo mgeni aliyahitaji hayakuwa ya lugha hata kidogo. Uchape HELLO, utoe namba yako, utaje BASIC, useme kama kazi ni NEW au OLD, uipe jina lisilozidi herufi 6, usubiri READY. Kila mstari una namba. Hesabu kwa kumi-kumi ili mstari wa 15 upate nafasi kati ya 10 na 20. Mstari ukikosewa, andika mwingine kwa namba ileile. Ukitaka kuufuta, chapa namba peke yake kisha RETURN. Asiyebonyeza RETURN alikaa akiingoja mashine, nayo ikimngoja yeye. Aliyeondoka bila SAVE, amri ya kuhifadhi, alipoteza kazi yote. Herufi O ilichapwa kimakosa mahali pa sifuri, na I mahali pa 1. Hakuna nadharia inayomwokoa mtu hapo. Kunahitajika mtu wa kumwambia mapema.

Kuhusu kunakili, mfano wa kwanza wa mwongozo ule ulistahili kunakiliwa. Unatatua jozi ya milinganyo yenye vitu viwili visivyojulikana, na kabla ya kugawanya unakagua kama kigawanyo ni sifuri. Hapo mwanafunzi anajifunza kufikiri kwanza. Ila Dijkstra ana haki yake: programu hiyo hurudi nyuma kwa GO TO, amri ya kurukia mstari mwingine, bila kikomo chake yenyewe, na husimama tu takwimu zinapoisha. Mazoea hayo yalipaswa kuondolewa mapema, na kijitabu chembamba hakikufika huko.

Leo, darasa linalogawana kompyuta kuu moja (seva) yenye mfumo wa Linux halina teletaipu, lakini tatizo la ugeni halijaondoka. Programu ikizunguka bila kukoma, mwanafunzi hubonyeza Ctrl+Z akidhani ameiua. Ameisimamisha tu, bado inashika kumbukumbu ya mashine ya wote. Ctrl+C ndiyo ya kuikomesha, na iliyokwisha kusimamishwa huonekana kwa amri ya jobs, kisha huondolewa kwa kill %1 ikiwa ndiyo namba yake. Haya hayatafutiki na mtu asiyejua kwamba kuna kitu cha kutafuta. Karatasi moja, pande mbili, inatosha: kuingia, kuhariri, kuhifadhi, kuendesha, kukomesha, kutoka, na juu kabisa tarehe na toleo la mfumo. Orodha kamili ya amri na machaguo yake ibaki kwenye mashine, ambako amri ya man huonyesha maelezo ya toleo lililowekwa pale.