Jiwe la uongo, moto wa kweli

Jirani yangu alipokuja kuyaona meko niliyojenga uani, hakuuliza kama yanavuta moshi vizuri wala kama yanatoa joto. Aliinama mbele ya jiwe kubwa la chini, upande wa kushoto, akaligonga kwa kifundo cha kidole kama mtu anayepima mtungi kama una ufa. Akatega sikio. Kisha akainuka, akapangusa vumbi mkononi na kutoa hukumu: "Hili si jiwe." Nikakiri kwamba ni saruji. "Basi umetudanganya," akasema, akaenda zake akicheka.

Ni utani wa majirani, najua. Lakini neno lile lilinikaa, na tangu siku hiyo nimekuwa nikimjibu peke yangu, nikiwa bafuni au njiani. Leo majibu yamepangika kidogo, basi nayaandika.

Kwanza, saruji ilizaliwa ikiiga jiwe. Joseph Aspdin, mwashi wa Leeds nchini Uingereza, alipopata hataza ya unga wake mwaka 1824 aliuita saruji ya Portland, kwa kuwa ukishaganda aliona unafanana na mawe yaliyokuwa yakichimbwa kisiwani Portland, mawe ya heshima kwa wajenzi wa wakati ule. Jina hilo linaandikwa kwenye mifuko hadi leo. Kwa hiyo anayeniambia nimeifanya saruji ijifanye jiwe, namjibu kwamba sikuifundisha mimi. Ilikuja na tabia hiyo.

Tena saruji ni mgeni katika mchezo huu. Kuta za Pompeii, mji uliofukiwa na mlima Vesuvius mwaka 79, zina lipu iliyochongwa na kupakwa rangi ionekane marumaru. Palladio, msanifu majengo ambaye wasanifu wa Ulaya walimwiga kwa karne nyingi, alijenga kwa matofali kisha akayavika lipu yenye mikato ya mawe. Katika bustani ya Buttes-Chaumont, Paris, iliyofunguliwa mwaka 1867, kuna pango lenye mawe yanayoning'inia darini kama michirizi ya nta, na michirizi hiyo ilitengenezwa na mafundi. Nao San Antonio, Texas, wanatunza kazi za Dionicio Rodríguez, fundi kutoka Mexico aliyefinyanga saruji ikawa magogo, matawi na magome ya miti. Huyo alikuwa akificha mchanganyiko wake wa rangi hata kwa wasaidizi wake. Hakuna anayepita pale akasema ameibiwa.

Sura ya jiwe, basi, kwangu si dhambi. Ila katika meko kuna mahali pamoja ambapo uongo ni uongo kweli, na hapo mimi mwenyewe niliteleza.

Nilikuwa nimejenga tumbo la meko kwa matofali ya kuhimili moto, yale yanayotumika kwenye matanuri, kama inavyotakiwa. Yalikaa vizuri, ya rangi ya krimu, yamenyooka. Lakini kwa nje nilikuwa nimeshaanza kuchonga mawe, na nikaona aibu: mtu akichungulia ndani atakutana na matofali ya kiwandani, na mchezo wote utaharibika. Nikachukua saruji ile ile ya nje, nikapaka ukuta wa nyuma unene wa vidole viwili, nikachonga mawe matano mazuri. Siku ya sita sikuvumilia, nikawasha moto. Si kidogo, moto wa kuonyesha watu.

Kwa muda wa kama robo saa hakukuwa na neno. Ukuta ulianza kutoa jasho: matone madogo yakatokea kwenye viungo vya mawe, yakakauka, yakatokea tena juu zaidi. Nilidhani ni jambo zuri, kwamba unakauka. Kisha kikasikika kishindo kikavu, kama ubao umevunjwa kwa goti, na kipande cha ukubwa wa kiganja kikaruka kutoka kwenye jiwe la katikati, kikapita juu ya kuni na kuanguka karibu na kiti changu kikifuka mvuke. Kikafuata kingine. Nilirudi nyuma kwa kinyumenyume nikiwa na kikombe mkononi, na sikukaribia tena mpaka makaa yakawa majivu.

Sababu yake haina siri. Saruji mbichi imejaa maji. Ukiichoma ghafla maji yanageuka mvuke, mvuke unatafuta njia, na usipoipata unapasua. Hata ukisubiri ikomae zile siku 28 ambazo mafundi huhesabu, bado saruji ya kawaida si ya kuwekwa mdomoni mwa moto. Moto wa kuni ukikolea hukaribia nyuzi 1,000 za Selsiasi sehemu za ndimi zake, wakati saruji hupoteza nguvu mapema sana kabla ya hapo. Ikifika nyuzi 450 hivi, chokaa iliyofungwa ndani yake huvunjika, na ikipoa hunyonya unyevu wa hewani, huvimba upya na kumung'unyuka. Unaweza kuiona nzima leo, mwezi ujao ukaikwangua kwa ukucha.

Niling'oa mawe yangu matano kwa patasi, nikarudi kwenye matofali. Yanaonekana. Yamekuwa meusi kwa masizi, na sina aibu nayo tena. Ningepewa nafasi ya kurudia kazi hii ningeanzia hapo: matofali ya kuhimili moto, yaungwe kwa udongo wake maalumu na si kwa saruji ya kujengea, kiungo kiwe chembamba, milimita tatu au chini yake. Na kati ya tumbo hilo na ukuta wa nje paachwe nafasi ndogo. Tumbo likipata joto hutanuka, na kama limebanwa litausukuma ukuta, kisha mawe yako mazuri ya nje yatapata nyufa ambazo hukuzichonga. Hapo usifiche kitu. Na usisaidiwe na jiwe halisi pia, kama ulikuwa unajiuliza: mawe ya mtoni, yale ya mviringo yanayovutia, huwa na maji ndani na yanaweza kupasuka kama saruji yangu, pengine vibaya zaidi.

Kuhusu moshi sitasema mengi, kwa sababu mtu mmoja alishausema vizuri tangu mwaka 1796. Count Rumford, mwanasayansi aliyechunguza joto, aliandika kwamba meko ya zama zake yalikuwa marefu sana kwenda ndani na koo lake, pale moshi unapoingia dohani, pana mno, ndiyo maana joto lilipaa na moshi ukabaki. Dawa yake: tumbo fupi kwenda ndani, kuta za pembeni ziinamishwe zitazame mbele, koo liwe jembamba. Mafundi wengi pia hushika kipimo cha moja kwa kumi, yaani eneo la bomba la dohani lisipungue sehemu ya kumi ya eneo la mdomo. Mdomo wa sentimita 90 kwa 75 unataka bomba la kama 26 kwa 26. Nje hakuna kuta za kukulinda dhidi ya upepo, kwa hiyo dohani fupi itakurudishia moshi usoni bila kujali uzuri wa mawe yako.

Sasa mawe. Hapa ndipo ningependa watu wakae zaidi, kwa kuwa naona wengi wakifanya kazi nzito ya msingi, bloku na nondo, halafu siku ya kuchonga wanamaliza kwa saa moja.

Ukuta wa bloku unavishwa wavu wa chuma, unapigwa lipu ya kwanza na kukwaruzwa ikiwa mbichi ili ya pili ipate pa kushika. Ya pili ndiyo ya kuchonga: mchanga tatu kwa saruji moja, na chokaa kidogo ili ilainike na isikauke kwa pupa. Unene wake sentimita tatu mpaka nne. Vaa glavu. Saruji mbichi inaunguza ngozi polepole na utajua baadaye, usiku, vidole vikianza kuwasha.

Halafu unasubiri. Hakuna saa itakayokuambia ni lini, kidole gumba ndicho kinachojua. Ukibonyeza kikazama, bado. Ukibonyeza kikaacha alama hafifu bila kunata, ingia kazini, na usiitikie simu. Unayo saa moja, mbili ukibahatika na kivuli. Jua likipiga ukuta moja kwa moja, tundika turubai kwanza. Mimi nilianza kwa kuchora viungo vyote kwa ncha ya mwiko, nikarudi mbali hatua kumi, nikatazama, nikavifuta nusu yake kwa mkono uliolowa na kuchora upya. Kurudi nyuma hatua kumi ndicho chombo cha maana kuliko vyote. Vingine ni vya jikoni na jalalani: kijiko cha zamani, brashi yenye nywele ngumu, mfuko wa plastiki uliofinyangwa. Mfuko ule ukiukandamiza juu ya saruji unaacha mikunjo midogo ambayo hakuna mkono unaoweza kuichora.

Kinachoyasaliti mawe mengi ya saruji huwa ni uzito, kuliko rangi au umbo. Fundi anachonga maumbo yanayofanana na mawe, kila moja zuri kivyake, lakini hakuna linalobeba jenzie. Unakuta jiwe dogo chini limebeba kubwa juu. Unakuta kiungo kimeshuka wima kutoka juu hadi chini kama mstari wa rula, wakati mwashi wa kweli asingekubali, maana ukuta wa namna hiyo ungefunguka kama mlango. Na kosa kubwa kuliko yote liko juu ya mdomo wa meko: mawe matatu yamepangwa yakielea hewani, hayana upinde wala jiwe refu la kuvuka. Mtazamaji hatajua kueleza, lakini jicho lake limeona nyumba za mawe tangu utotoni na linajua kitu kinachoanguka. Njia ya mwongo ni fupi, na hapo ndipo inapoishia.

Kwa hiyo nilichonga kama vile saruji isingekuwepo. Makubwa chini, kila kiungo cha wima kikaliwa na jiwe la juu yake, na juu ya mdomo nikachonga upinde wenye jiwe la kabari katikati. Lile jiwe la kabari lilinichukua muda kuliko mengine kumi. Halibebi hata gramu moja. Nyuma yake kuna boriti ya zege yenye nondo, lakini nilitaka lionekane limechoka.

Kwa sababu hiyo hiyo sipendi vile vibao vya mawe vya saruji iliyomwagwa kwenye kalibu. Jiwe mojamoja limetengenezwa vizuri kuliko langu, nakubali bila ubishi. Tatizo ni kwamba kalibu ina kumbukumbu. Jiwe lenye kovu kama mwezi mchanga linatokea hapa, linatokea pale, na ukiliona mara ya tatu huwezi tena kuona kitu kingine ukutani. Heri jiwe baya lililochongwa kwa mkono kuliko pacha wanane wazuri. Wapo watakaonipinga, na wana haki, hasa wale wenye siku moja tu ya mapumziko.

Ukimaliza kuchonga, funika na unyunyizie maji siku saba. Rangi ije baadaye, na ije nyembamba. Oksaidi za chuma ndizo zinazoyapa mawe mengi ya kweli wekundu, manjano na kahawia yake, nazo ndizo zilizomo kwenye rangi za unga za kuchanganya na saruji, kwa hiyo hapo tunakopa kutoka ghala lile lile. Nilianza na kahawia iliyokolea, maji mengi, nikaiacha ishuke viungoni na kuifuta juu kwa sponji. Kisha kijivu. Kisha manjano hafifu kwenye mawe machache tu, bila mpangilio. Subiri ikauke kabla ya kuhukumu, maana rangi mbichi hukoza na itakutisha bure. Na tafadhali, usimalize kwa vanishi ya kung'aa. Jiwe linalong'aa uani linaonekana kama sahani iliyooshwa.

Baada ya hapo niliwasha mioto midogo, ya vijiti, siku nyingi mfululizo, kila siku mkubwa kidogo kuliko wa jana. Hakuna kilichoruka.

Jirani alirudi juzi jioni. Moto ulikuwa umeshika, na yeye akaanza tena ukaguzi wake wa kidole, jiwe kwa jiwe, akitikisa kichwa: hili si jiwe, hili si jiwe. Upande wa kulia, usawa wa goti, kuna moja lililopata ufa mwembamba kama uzi miezi miwili baada ya kazi kuisha. Sikuuchonga. Ulikuja wenyewe, ukapinda katikati, ukaishia kwenye kona, nami niliuziba kwa dawa ya kuzuia maji na kuuacha uonekane. Akalifikia hilo, akapitisha ukucha kwenye ufa, akaligonga mara mbili.

"Ila hili umelitoa wapi?" akauliza.

Nikampa gogo aongeze kwenye moto.