Kabla ya kumlaumu opereta, tazama kitufe

Fomu nyingi za ajali nilizowahi kuziona Industrial Area, eneo la viwanda la Nairobi, pale penye nafasi ya kuandika chanzo, zina maneno machache tu: uzembe wa opereta, hakuwa makini, makosa ya kibinadamu. Inatiwa sahihi, inapigwa muhuri, faili inafungwa, na wiki inayofuata kijana mwingine amesimamishwa mbele ya mashine ileile. Mimi ni fundi wa umeme wa mashine na jibu hilo limenichosha. Mkono wa mtu ulikuwa mahali usipopaswa kuwa, hilo halina ubishi. Ila fomu haiulizi ulifikaje pale.

Chukua presi, ile mashine ya kukata na kukunja bati. Iliyoundwa vizuri ina vitufe viwili, kimoja kushoto na kingine kulia, na haigongi mpaka uvibonyeze vyote. Mikono yote miwili ikiwa kwenye vitufe, hakuna wa kubaki chini ya kichwa cha presi. Sasa ingia karakana fulani usiku. Utakuta kitufe cha kushoto kimekazwa kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, au kimekabwa kwa njiti ya kiberiti, kimebonyea shifti nzima. Opereta anabonyeza kwa mkono wa kulia huku wa kushoto ukilisha bati. Kidole kikikatika, ule mpira huondolewa kabla mkaguzi hajafika.

Nani aliufunga? Mara nyingi ni opereta mwenyewe. Lakini muulize kuhusu tageti yake. Ikiwa idadi ya vipande anavyodaiwa ilipimwa siku ambayo kitufe kilikuwa kimefungwa, basi tageti yenyewe imesimama juu ya ule mpira, na asiyeufunga hataitwa getini kesho. Supavaisa hupita hapo na karatasi yake ya hesabu. Anauona vizuri sana. Atakasirika siku damu itakapomwagika.

Dawa yake ipo na haihitaji mahubiri. Saketi nzuri ya mikono miwili hutaka vitufe vibonyezwe karibu kwa pamoja, vikipishana kwa muda usiozidi nusu sekunde, na vyote viachiliwe kabla mashine haijagonga tena. Ukikifunga kimoja, inagoma. Relei ya kazi hiyo, yaani swichi inayoendeshwa na umeme, inaenea kwenye kiganja. (Presi za kale za klachi ya kimakanika ni habari nyingine: zikishaanza kushuka hazisimami, kwa hiyo hizo zizibwe kwa wavu wa chuma, na ukiniuliza mimi nitasema zipelekwe kwa wauza vyuma chakavu.)

Wazo hili la kurekebisha kifaa badala ya kumfokea mtu lina umri mkubwa. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, marubani wa Marekani wa ndege za B-17 walikuwa wakitua salama, kisha, ndege ikiwa tayari iko chini, wanakunja magurudumu na kuilaza kwa tumbo. Mwanasaikolojia Alphonse Chapanis alipochunguza jambo hilo mwaka 1943 alikuta swichi ya magurudumu na ile ya flapu, vile vibawa vya nyuma ya bawa vinavyosaidia ndege kutua, ziko ubavu kwa ubavu na zinafanana. Ndege nyingine ambazo swichi hizo hazikufanana hazikuwa na ajali ya aina hiyo. Akapendekeza swichi moja ibandikwe kigurudumu cha mpira na nyingine kipande chenye umbo la bawa, ili mkono utambue hata gizani. Ukitaka kuona ndugu za swichi zile hapa kwetu, fungua paneli ya mashine kuukuu iliyoletwa kutoka nje: vitufe sita vya rangi moja, maandishi ya Kichina, na juu yake alama za kalamu ya wino ambazo kila fundi aliyepita aliandika kwa lugha yake.

Mwingereza James Reason, aliyeandika sana juu ya mambo haya, alitenganisha makosa ambayo sisi tunayatia kwenye gunia moja. Kuna mkono kuteleza, kuna kusahau hatua, kuna kuamua vibaya kwa kutojua, na kuna kukiuka kanuni huku ukijua. Mafunzo humsaidia asiyejua. Hayamsaidii aliyeteleza, kwa sababu anayeteleza mara nyingi ni mzoefu ambaye mikono yake inafanya kazi huku akili ikiwaza ada ya shule. Hata hivyo, baada ya kila ajali utasikia kampuni imewapeleka watu semina, wakapewa chai, mandazi na cheti.

Uchovu nao hauna semina. Utafiti uliochapishwa mwaka 1997 ulionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 hufanya kazi kama mtu mwenye kiwango cha pombe cha asilimia 0.05 kwenye damu. Mfikirie mama wa Mukuru kwa Njenga aliyeamka saa 1 asubuhi, akashinda na watoto na nguo za kufua, akaingia shifti saa 12 jioni. Saa 6 usiku amezifikisha zile saa 17, na bado anadaiwa saa 6 nyingine mbele ya mashine. Polisi wa alkoblo, kile kipima pombe, wanamsubiri dereva barabarani, lakini huyu mama hapulizi kifaa chochote.

Jambo lililo rahisi kuliko yote kulitengeneza ni makabidhiano ya shifti, na ndilo tunalolidharau zaidi. Tarehe 6 Julai 1988, jukwaa la mafuta la Piper Alpha katika Bahari ya Kaskazini lililipuka, watu 167 wakafa. Mchana, vali ya usalama ya pampu moja ilikuwa imetolewa kwa matengenezo, na tundu lake likafunikwa kwa bamba ambalo halikukazwa vya kutosha. Habari hiyo haikuwafikia waliokuwa zamu ya usiku. Pampu ya pili ilipozima, wakaiwasha ile ya kwanza, gesi ikavuja penye lile bamba. Sasa simama kwenye geti lolote la Lunga Lunga Road saa 12 jioni uone makabidhiano yetu: anayetoka anakimbilia matatu, anayeingia anapekuliwa mfuko, wanapishana kwa "Sasa?" na "Poa", basi. Kwamba breki ya konveya, ule mkanda wa kusafirisha bidhaa, imeanza kuchelewa kushika, atajua mwenyewe. Dakika 15 za shifti mbili kukaa pamoja, zikilipwa, na daftari moja lisilotoka kwenye mashine, zingetosha. Nikilitaja jambo hili ofisini, swali la kwanza huwa ni nani atazilipa hizo dakika.

Halafu kuna lile bango la getini linalohesabu siku bila ajali. Idadi ikifika fulani, kila mtu anapewa unga wa ugali na soda. Aliyechanika kiganja siku ya mwisho anafanyaje? Anajifunga kitambaa, anaficha mkono, na wenzake wanamsihi anyamaze. Bango limefaulu, ila ile bati yenye ncha kali iko palepale.

Najua mameneja watasema tukiacha kulaumu, watu watalala kazini. Kipo kipimo cha haki: mweke mfanyakazi mwingine mwenye ujuzi uleule, mwenye tageti ileile, saa ileile ya usiku. Je, angefanya tofauti? Kama hapana, kumfukuza wa kwanza hakutengenezi kitu. Aliyekuja amelewa ni kesi nyingine, ashughulikiwe peke yake.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inataka sehemu hatari za mashine zizibwe, na mfanyakazi akiripoti hatari inayomkabili asilazimishwe kurudi pale mpaka irekebishwe. Inataka pia kamati ya usalama mahali penye watu 20 au zaidi. Kamati nilizozijua mimi zilijaa makarani na wakuu wa idara. Kibarua wa presi, anayeajiriwa kwa siku kupitia wakala, hana kiti pale, ingawa ndiye anayejua ni kitufe kipi kimefungwa mpira na ni nani alimwambia aufunge. Apewe kiti, na siku ya kikao alipwe kama siku ya kazi.