Ukishajua mti wanaolala, usiusogelee

Msimu wa Aprili wa kuwinda bata mzinga wa porini hapa Missouri, Marekani, unafunguliwa Jumatatu ijayo na simu zimeshaanza. Vijana wetu wa hapa Columbia, Watanzania na Wakongo, waliokata kibali kwa mara ya kwanza, wote swali lao moja, kaka hawa ndege wanalala wapi? Nawajibu, sina uchoyo wa hiyo habari, lakini mwaka huu nimeona bora niandike kabisa mana ukishajua wanapolala kuna swali la pili ambalo watu hawaulizi, nalo ni unausogelea ule mti mpaka wapi.

Mimi jibu langu ni hatua 150. Chini ya hapo usikae, na ndege aliye juu ya tawi usimpige, hata kama saa inaruhusu na hata kama una kibali mfukoni.

Kwanza tuelewane tunamzungumzia ndege gani. Sio yule mweupe wa supamaketi anayenenepeshwa kwenye mabanda mpaka hawezi kuruka. Dume la porini linafika kilo 8 hadi 11 na uzito wote huo linaruka juu ya mwaloni kama mchezo. Mchana kutwa yuko chini anaparua majani makavu anatafuta mbegu za mwaloni na wadudu, alafu jua likizama, kwa mwezi huu ni kama saa 2 kasoro usiku, unaanza kusikia mbawa pwa pwa pwa, wanapanda mmoja mmoja, wanahama tawi hili kwenda lile, wanagombana kidogo, mara kimya. Wanapenda miti mikubwa yenye matawi yaliyolala, mialoni ya kwenye miteremko na ile miti mirefu yenye gome jeupe inayoota kando ya vijito. Sababu ya kupanda ni kwamba usiku haoni vizuri. Mchana macho yake ni balaa, ukinyanyua kidole tu kashakuona, lakini giza likiingia hana ujanja na huku chini kuna koyoti, wale mbwa mwitu wadogo wa huku, na paka mwitu wanapita. Kwahiyo mti ule ndo usalama wake wote.

Na alfajiri kabla hajashuka, dume linaanza kulia likiwa huko huko juu, lile gulugulugulu lao, asubuhi tulivu unalisikia toka mbali sana. Mara ya kwanza kulisikia nilisimama katikati ya shamba la mtu nikasahau hata nilichofuata. Miaka kumi na moja sasa bado moyo unanidunda vile vile.

Mi nimekulia Manyoni na kwetu ndege wa namna hii ni kanga. Nao wanalala mitini. Mjomba alikuwa anatuchukua usiku usio na mwezi, tochi ya betri tatu, fimbo ndefu na manati, mnatembea kimya mpaka kwenye mgunga mliouona jioni, unamulika, kanga anaduwaa kwenye mwanga hajui aende wapi, mnashusha tu. Usiku mmoja tulishusha tisa kwenye mti mmoja. Tukala, tukagawia majirani, tukasifiwa. Bibi peke yake ndo aliuliza, "Mmebakisha wangapi?" na hakuna aliyemjibu. Tulirudi wiki ya pili mti mtupu, mwezi uliofuata mtupu, na mpaka naondoka Manyoni kwenda kusoma sikuwahi kuona tena kanga kwenye ule mgunga. Kibali hatukuwa nacho, lile lilikuwa kosa na nalisema wazi. Sa ninapomwambia mtu asisogelee mti wa kulala simaanishi kumfundisha ustaarabu wa wazungu, nasema kitu nilichokiona kwetu kwa macho yangu.

Na hawa wazungu wenyewe walipitia huko huko, tena vibaya zaidi. Karne ya 19 watu walikuwa wanawapiga hawa ndege mitini usiku wa mbalamwezi, wanaenda kuuza sokoni, huku misitu inakatwa kila upande. Mwaka 1952 Missouri nzima walikuwa wamebaki kama 2,500, jimbo kubwa hivi! Walijaribu kufuga na kuwaachia porini, haikufanya kazi kwasababu ndege wa bandani hajui kukimbia koyoti wala hajui kulala juu. Kilichofanya kazi ni kukamata wale wa porini wachache waliobaki kwenye hifadhi ya Peck Ranch, wanarushiwa wavu mkubwa unaofyatuliwa na baruti, alafu wanapelekwa kwenye wilaya ambazo hawakuwepo. Uwindaji ulifunguliwa tena 1960, siku tatu tu. Baadae walizaana mpaka Missouri ikawa inawapa majimbo mengine kwa kubadilishana wanyama, fisi maji waliopo kwenye mito ya hapa wengine wamekuja kwa njia hiyo. Pesa za kazi kama hii zinatoka sana kwa wawindaji wenyewe, kuna sheria ya 1937 inayotoza kodi ya asilimia 11 kwenye bunduki ndefu na risasi, kwahiyo hata wewe uliyenunua boksi la risasi juzi umechangia.

Naeleza yote haya kwasababu watu wakiona kundi la ndege ishirini barabarani wanadhani hawaishi. Wanaisha. Miaka hii wamepungua sehemu nyingi za kusini na katikati ya nchi. Georgia wamesogeza mbele ufunguzi wa msimu na kupunguza idadi kutoka madume matatu hadi mawili, Tennessee nao wamefanya hivyo hivyo. Vifaranga wengi hawafiki mwezi. Mama anaatamia chini kabisa kwenye majani siku 28, peke yake, na wakianguliwa wanalala ardhini chini ya mbawa zake kama wiki mbili mpaka waweze kuruka kwenye tawi la kwanza. Fikiria rakuni wangapi, wale wanyama wadogo wezi wa mayai, wanapita hapo.

Sa nije kwenye kilichonifanya nikaandika. Misimu miwili iliyopita nilikuwa kwenye ardhi ya umma, sehemu naijua vizuri, kuna mialoni minne juu ya kijito ambayo nilikuwa nahesabu ndege kumi na mbili kila jioni. Nilikaa mbali, nimeegemea mti, saa 11 alfajiri nimeshatulia. Dume likaanza kulia juu, lingine likaitikia, majike yanaanza kugugumia kidogo kidogo, yani ile asubuhi ilikuwa nzuri jamani. Mara naona taa ndogo nyekundu inatembea kule chini, jamaa mmoja anaenda moja kwa moja mpaka chini ya ile mialoni. Nikajua kwisha. Ilivyofika tu nusu saa kabla ya jua kuchomoza, mana hapa ndo saa halali zinaanza, akapiga juu. Ndege akaanguka upande wa pili wa kijito akiwa mzima mzima, akakimbilia vichakani na bawa moja limelegea. Wengine wote wakatawanyika kila mtu na njia yake. Nilienda tukasaidiana kumtafuta zaidi ya saa nzima hatukumpata. Na yule jamaa hakuwa mtu mbaya, alikuwa kijana mpole kabisa, aliniambia alidhani ndo inavyofanywa, na aliponielezea alichokiona kabla ya kupiga alisema aliona "kitu kikubwa cheusi".

Hapo ndo penye tatizo. Msimu huu wa Aprili unaruhusiwa kupiga dume au ndege mwenye ndevu zinazoonekana, zile nywele zinazoning'inia kifuani. Kwenye mwanga ule wa alfajiri, ndege amejikunja juu ya tawi, mita 20 hewani, nani anaona ndevu? Unapiga kivuli. Inaweza kuwa jike lenye mayai. Na kivuli kikiwa chini, kinaweza kuwa mtu, hapa wawindaji wameshapigana risasi kwa kudhaniana ndege, ndo mana tunakatazana kuvaa kitu chochote chekundu, cheupe au cha bluu, kwasababu hizo ndo rangi za kichwa cha dume.

Ile mialoni minne nilirudi jioni yake, hakuna. Nilirudi mara sita msimu ule, hakuna hata mmoja. Wamehamia wapi sijui. Kuna majimbo yana sheria kabisa inayokataza kumpiga ndege kwenye mti wa kulala, na kule Texas kwenye hifadhi ya South Llano River wanafunga eneo zima la miti ya mtoni kuanzia Oktoba mpaka mwisho wa Machi ili ndege walale kwa amani, miezi sita. Mi naona wamefanya la maana sana.

Haya, sa nani kasema ukiujua mti usiutumie? Utumie, ila kwa masikio. Jioni kabla ya siku yako nenda ukasimame juu mahali pa wazi jua likiwa linazama, mwenye uzoefu anaiga mlio wa bundi, dume likishtuka linajibu bila kutaka. Likijibu umeshajua lilipo, ondoka taratibu, usiende kuchungulia. Ukichungulia ukamrusha na giza limeingia umemharibia usiku mzima, na asubuhi hayupo. Alafu kesho yake uwe umekaa saa 11 kasoro, bila tochi kubwa, mana Aprili majani hayajajaa, kule juu anaona kila kinachotembea. Mgongo kwenye mti mpana kuliko mabega yako. Usikae mahali ambapo kati yake na wewe kuna kijito au senyenge, huwa anagoma kuvuka.

Kuita, yani kuiga mlio wa jike, ita kidogo. Hapa ndo vijana wanaharibu, wananunua kile kiboksi cha mbao cha kusugua alafu wanasugua kama wanapiga ngoma. Akiwa bado juu mlio mmoja laini unatosha, akishajua upo nyamaza. Unajua kwa kawaida dume linakaa linalia ili majike yaende kwake, wewe unamwomba afanye kinyume, aje yeye. Kwahiyo ukipiga kelele nyingi anabaki tu kwenye tawi anasubiri jike lijitokeze, jua linatoka, majike ya kweli yanashuka yanamchukua na wewe unabaki. Ila akishuka mwenyewe, akaja kwa miguu yake, kifua kimetuna, mkia umefunguka kama feni, kichwa kinabadilika rangi kutoka nyekundu kwenda nyeupe na bluu, mpaka anafika mita 30 unaona ndevu, unaona mpaka kucha za miguuni, hapo unajua unampiga nani. Asilimia kubwa ya asubuhi haji. Nakubali, na narudi nyumbani mikono mitupu nikalale.

Najua mtakachosema. Kaka sisi tunafanya shifti ya usiku, nina asubuhi moja tu ya kuwinda, unaniambia nikae mbali nikose? Nakuelewa kabisa, mimi nilifanya kazi ya usiku kwenye ghala miaka minne. Lakini mwenye asubuhi moja nenda saa 3, sio saa 11. Saa 3 na saa 4 asubuhi majike yanaanza kwenda kwenye mayai yao, dume linabaki peke yake linazunguka linatafuta, na wa namna hiyo anakuja kwenye mlio kuliko yule wa alfajiri aliyezungukwa na wake zake. Kwenye ardhi ya umma una mpaka saa 7 mchana. Madume yangu matatu ya mwisho yote nimeyapata baada ya saa 3, mbali kabisa na miti.

Na kuna ambao mnawinda kwenye mashamba ya watu, mana zaidi ya asilimia 90 ya ardhi ya jimbo hili ina wenyewe. Yule mzee anayeniruhusu mimi kwake nilimgongea mlango nikiwa na kofia mkononi, aliniuliza maswali mawili tu, kama nafunga mageti, na kama napiga ndege kwenye miti ya nyuma ya ghala lake. Ile miti baba yake aliona ndege wa kwanza wakirudi kulala pale, baada ya miaka mingi bila hata mmoja, na yeye mpaka leo jioni anatoa kiti nje anawasikiliza wakipanda. Ukienda kupiga pale kwa ajili ya nyama ya kilo chache umemfungia mlango kila mtu mwenye sura kama yako atakayekuja kugonga baada yako, nisameheni lakini ndo ukweli wenyewe.

Nyama yenyewe kwa wasiojua, kifua ni laini lakini mapaja ni magumu hasa, chemsha kwa masaa matatu na tangawizi na kitunguu swaumu ndo uweke nazi.

Mimi Jumapili jioni nitakuwa kwa mzee, upande wa senyenge ya magharibi, nasikiliza. Anayetaka kuja nina nafasi mbili kwenye gari, tunaondoka saa 12 jioni, na bunduki zinabaki nyumbani.